Siku Tuliyoenda Kumnunulia Mwalimu Opondo Simu

Johnstone Opondo anafanya kazi ya kusikiliza mabomba. Kampuni ya maji ina vijana wenye mashine za kutafuta mahali maji yanapovuja chini ya ardhi, lakini bomba likiwashinda, huyu ndiye huitwa. Anakuja na fimbo yake ya chuma, ncha moja anaisimamisha ardhini, nyingine anaiweka sikioni, kisha anafumba macho. Mwaka juzi alisimama hivyo mbele ya duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Kimumu, nikadhani anasali. Akafumbua macho akaniambia, "Gichuru, chimba hapa. Futi tatu." Tukachimba. Tulipata maji kwa futi tatu na nusu, na ile nusu ilimkera wiki nzima.

Masikio hayo hayo ndiyo aliyotuletea kanisani miaka ishirini sasa, akiwa mwalimu wa kwaya yetu. Yeye alitoka upande wa ziwa akiwa kijana kuja kutafuta kazi Eldoret, akabaki. Mimi wazazi wangu walitoka Nyeri. Kwa besi tuna Kipkirui, ambaye ni wa Kapseret hapa karibu, hajatoka popote. Sote anatufundisha kwa Kiswahili chake ambacho kila "sh" ni "s", kwa hivyo akitaka besi washuke anapaza sauti, "Suka! Suka chini!" na soprano wanacheka kwamba wanaume wanaambiwa wasuke nywele. Naye anacheka pamoja nao, halafu anarudia palepale, na hamtaenda nyumbani mpaka mmesuka vizuri.

Mwaka huu mambo mawili yalikutana. La kwanza, waandaaji wa tamasha la kwaya walisema kila kwaya itume kwanza video ya wimbo wake mmoja, wasikilize, ndipo waalike. La pili, tuliona aibu kwamba mwalimu amefikisha miaka ishirini na hatujawahi kumpa hata kikombe. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vibonye yenye tochi, na kioo chake kilishikwa na selotepu. Kwa hivyo kamati ikaamua, na sisi wote tukapiga makofi, kwamba kwaya imnunulie mwalimu simu ya kisasa.

Lilikuwa jambo zuri mpaka mtu alipouliza, "Simu gani?"

Lazima niwaeleze kwaya yetu ilivyokuwa. Upande mmoja kulikuwa na Joyline Apondi, soprano, mhudumu wa duka la dawa mjini. Joyline ana iPhone. Hata ukikutana naye mara ya kwanza utajua, kwa sababu akikaa mahali anailaza kifudifudi juu ya meza ili mgongo wake uonekane. Nyuma yake walikuwa soprano karibu wote, na Linah wa alto, aliyeongoka Krismasi iliyopita baada ya kupewa na shemeji yake. Upande wa pili kulikuwa na Kipkirui, mwendesha boda, mtu wa Samsung tangu siku ya kwanza aliposhika simu. Yake imewahi kuanguka kutoka kwa pikipiki ikiwa mwendo, akageuza, akaiokota, akapiga nayo simu kumwambia mke wake imeanguka. Hadithi hiyo anaisimulia kama ushuhuda. Besi wote walikuwa wake, na Paul mwenye sauti ya chini kuliko wote alikuwa na jina la Samsung hata kwenye kofia.

Mimi nina Tecno, kwa hivyo hakuna aliyeniuliza maoni.

Mazoezi ya Alhamisi hiyo hayakufanyika. Tulikuja kuimba tukaishia kubishana.

"Mwalimu ni mtu mkubwa," Joyline akasema. "Mtu mkubwa anashika kitu kikubwa. Kamera ya iPhone, wacha tu. Picha ya chapati utadhani ni ya harusi."

"Mwalimu anaingia kwa mitaro," Kipkirui akamjibu. "Anahitaji simu ya mtu wa kazi, si ya kupiga chapati picha."

"Sisi wa iPhone tukirekodi kitu tunatumiana dakika hiyo hiyo."

"Ndiyo hiyo shida yenu! Mnatumiana ninyi kwa ninyi! Video ya Pasaka mimi niliiona Juni!"

Hapo besi wakapiga meza. Linah akasema watu wa Samsung wana wivu. Paul akasema watu wa iPhone hawasalimii watu siku hizi, wanapunga mkono kama gavana. Mwalimu Opondo alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinanda, mikono magotini, anawageukia mmoja mmoja kama mtu anayetazama mpira. Mwishowe akainua mkono, na wote tukanyamaza, kwa sababu kwa mkono ule tumenyamaza miaka ishirini.

"Hiyo simu ni ya nini?" akauliza.

"Ni yako, Mwalimu," Joyline akasema.

"Najua ni yangu. Kazi yake?"

"Kurekodi kwaya."

"Basi kwa nini mnaniambia juu ya chapati na pikipiki? Kurekodi kwaya ni sauti. Jumamosi twende mjini, tuimbe, zirekodi, nisikilize. Yenye itasikia vizuri ndiyo nitachukua."

Tukatazamana. Ilikuwa rahisi hivyo, na hakuna mtu aliyekuwa ameifikiria.

Jumamosi tulikutana mjini, watu wanane wa kwaya, kila kambi na wajumbe wake. Mwalimu alikuja amevaa koti la Jumapili. Pembeni yake alikuwa mke wake, Benta, tunayemwita Mama Javan kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Mama Javan ni fundi wa nguo. Nusu ya watoto wa Kimumu wanaenda shule na sare alizoshona yeye. Alikuwa amekuja mjini kununua nyuzi na zipu, na alikuwa na mfuko wake mkononi. Kanisani huwa anakaa benchi la tatu, anafuata kila wimbo kwa macho, na mdomo wake hautikisiki. Zamani tulimwalika kwaya mara mbili, tatu. Alijibu, "Mimi si mtu wa kuimba," na kwa namna alivyosema, mtu hakuuliza tena.

Duka tulilochagua linauza simu za kila kampuni, mpya na zile zilizotumika ng'ambo, na mwenyewe ni mama mmoja mchangamfu anayeitwa Nyaguthii. Tulipomweleza tunachotaka, kwanza alifikiri tunafanya mchezo.

"Mnataka kuimba? Hapa?"

"Wimbo mmoja tu, Mama," mwalimu akasema.

Nyaguthii akatazama wateja wake, wawili hivi, akatazama barabara, akasema, "Si basi mwimbe. Hata biashara imelala."

Akatoa iPhone iliyotumika Ulaya, safi kama yai, na Samsung mpya ambayo bado ilikuwa na karatasi kwenye kioo. Bei zao zilikuwa karibu sawa, kwa hivyo hapo hapakuwa na vita. Akaziegemeza kwenye rafu, moja ubavuni mwa nyingine. Joyline akasogeza iPhone kidogo ikae katikati zaidi. Kipkirui akasogeza Samsung. Joyline akarudi kusogeza tena. Mwalimu akazichukua zote mbili, akazipanga mwenyewe, akasema, "Mtu asiguse."

Tuliimba wimbo wa mavuno ambao mwalimu aliutunga mwaka uliopita. Tulipanga mstari kati ya kaunta na mlango, wanane tu, alto akiwa Linah peke yake. Mwalimu akainua mkono. Tuliingia vibaya, akatukatiza, akatuanzisha upya. Mara ya pili tulishika. Duka ni dogo na lina vigae, sauti ilikuwa inarudi kutoka kila upande, tamu hata sisi wenyewe tukashtuka. Watu wakaanza kusimama mlangoni. Muuza soksi akaja na soksi zake. Mwenye mkokoteni wa miwa akaacha kukata. Ubeti wa pili ulipofika, kulikuwa na watu thelathini nje, na mama mmoja alikuwa anacheza na mfuko wa mboga za sukuma wiki kichwani.

Tulipomaliza, barabara nzima ikapiga makofi. Mwalimu hakugeuka hata kuwaangalia.

"Sasa, Mama," akamwambia Nyaguthii, "nataka ucheze zote mbili, lakini kwa spika moja, na mtu asijue ni gani. Ficha chini ya meza."

Nyaguthii akapenda mchezo huo. Akazichukua simu, akainama nyuma ya kaunta, akaunganisha ya kwanza na spika kubwa ya dukani. Tukasikiliza. Kisha ya pili. Tukasikiliza.

"Ya kwanza!" Joyline akaruka. "Ya kwanza, hata usiniulize. Sikia vile soprano ni safi. Hiyo ni iPhone."

"Ya pili," Kipkirui akasema na kukunja mikono. "Besi wamekaa. Hapo hakuna mjadala. Hiyo ni Samsung kabisa."

"Kwa hivyo mmekubaliana," Nyaguthii akasema. Alikuwa anauma midomo asicheke. Akainua mkono wa kulia. "Ya kwanza." Ilikuwa Samsung. Akainua wa kushoto. "Ya pili." Ilikuwa iPhone.

Sijui kama nitaona tena sura mbili kama zile. Joyline alizitazama simu zote mbili kama zimemdanganya. Kipkirui alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo. Halafu muuza soksi, ambaye alikuwa amefuatilia kila kitu kutoka mlangoni, akasema kwa sauti, "Wameuza nchi!" na duka zima likaangua kicheko. Paul alilazimika kushika rafu. Joyline mwenyewe alicheka mpaka wanja ukamteremka, akampiga Kipkirui begani, na Kipkirui akasema, "Dada, hii tusiseme kanisani."

Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa amefumba macho.

"Rudia ya kwanza," akasema.

Nyaguthii akairudisha.

"Ubeti wa pili."

Kicheko kikaisha pole pole. Niliujua uso ule. Ndio ule niliouona mbele ya duka langu siku ya bomba.

"Ya pili sasa. Mahali pale pale."

Akasikiliza, akafumbua macho. "Kuna mtu anaimba hapa chini."

"Besi ni sisi wawili, Mwalimu," Paul akasema, kama anayejitetea.

"Si besi. Ni alto, lakini alto ya chini. Linah yuko juu, mimi namsikia Linah. Chini ya Linah kuna mtu." Akatuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja. "Watu wanane. Sauti ni tisa."

Tukatazamana. Linah akasema si yeye. Mimi nikasema mimi ni tenor, na hiyo si sauti yangu, ingawa natamani ingekuwa. Ndipo nikaona mwalimu amegeuka nyuma. Mama Javan alikuwa amesimama pembeni ya kabati la chaja, anahesabu zipu ndani ya mfuko ambao alikuwa ameshazihesabu.

"Mama Javan," mwalimu akasema.

"Nini?"

"Ni wewe?"

"Nilikuwa naguna wimbo tu. Kelele ilikuwa nyingi, sikufikiri itaingia kwa simu." Akageuza uso. "Samahani kama nimeharibu. Mrekodi ingine, mimi nitoke nje."

"Usitoke!" mwalimu akasema. "Umeijua hii alto wapi?"

"Baba Javan, si umeiandikia kwa meza yangu ya kukatia nguo? Miezi mitatu. Kila siku unaimba sehemu nne, wewe mwenyewe, kama mtu mgonjwa. Hata mbuzi wa jirani anajua alto."

Watu wakacheka tena, lakini kwa upole, kwa sababu macho ya mwalimu yalikuwa yamelowa. Akamuuliza kwa Dholuo, kisha akakumbuka sisi tupo akauliza tena kwa Kiswahili, "Kwa nini miaka yote unasema wewe si mtu wa kuimba?"

Mama Javan alijibu akitazama sakafu. Alisema alipokuwa darasa la sita, mwalimu wao wa muziki aliwapanga kwa mashindano, akapita mbele ya kila mtoto na sikio lake. Alipofika kwake akasema, huyu ana sauti ya dume, mwache afungue mdomo tu, asitoe kitu. Siku ya mashindano alifungua mdomo, hakutoa kitu, na shule ikashinda. Akapewa kalamu kama wenzake. "Kwa hivyo nikajua ni ukweli," akasema. "Bila mimi walishinda."

Nje gari lilipiga honi kwa sababu watu walikuwa wamejaa barabarani.

Mwalimu alimsogelea. Si mtu wa kushika mke wake mkono mbele ya watu, lakini alimshika, pamoja na mfuko wa zipu. "Hii sauti," akasema, "nimeitafuta kwa hii kwaya miaka yote hii. Nimeitafuta mtaa wa Huruma, nimeitafuta mtaa wa Langas, nimeenda mpaka chuo kuomba wanafunzi. Na iko kwa nyumba yangu inatengeneza sketi."

"Si wewe ndiye mwenye masikio?" Mama Javan akamuuliza, na sasa alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Bomba la Gichuru ulisikia futi tatu chini. Mimi na wewe tunalala kitanda kimoja."

Basi hapo hata mwenye miwa alipiga makofi.

Tuliimba tena, simu zote mbili zikiwa zimerudi kwenye rafu kurekodi. Safari hii Mama Javan alisimama kati ya Linah na mimi. Ubeti wa kwanza aliimba akitazama viatu vyake. Wa pili aliinua kichwa. Sauti yake haikuwa kubwa, ila ilikuwa pana na yenye joto, na ilipoingia chini yetu, sisi wengine tuliacha kukazana. Nilihisi nimepumzika, kama mtu aliyebeba kabati peke yake kisha mwenzake akashika upande wa pili. Linah aliimba machozi yakimtoka, na alto yake haijawahi kuwa nzuri kama siku ile.

Baada ya hapo ni Nyaguthii aliyetukumbusha. "Sasa Mzee, simu? Ni gani?"

"Simu?" mwalimu akasema. Alikuwa ameisahau kabisa. "Chukua yenye ina sauti ya mama."

"Zote ziko nayo."

"Basi zote ni nzuri. Mama Javan, chagua wewe."

Joyline na Kipkirui wakaamka kama watu waliomwagiwa maji. Joyline alianza na kamera, Kipkirui alianza na betri, wakasema pamoja bila kupumua, mmoja sikio hili, mwingine sikio lile. Mama Javan akawaacha wamalize. Kisha akauliza swali moja tu: waya ya kuchaji. Akaomba kuona ya kila moja. Akachukua ile ya Samsung, akaigeuza, akaijaribu kwa macho.

"Hii inafanana na ya taa yetu ya sola," akasema. "Nyumbani hatutanunua waya ingine. Tuchukue hii."

"Waya!" Joyline akapiga kelele. "Tumeshindwa na waya!"

Kipkirui alitoka mbio mpaka kwa pikipiki yake akapiga honi mpaka mwenye duka jirani akatoka kutazama ni ajali au ni harusi. Aliporudi, Joyline alikuwa kwenye kaunta anachagua kava, na alichagua ya bei kubwa kuliko zote, ya rangi ya kahawia kama kinanda, akailipia mwenyewe. "Simu ni yenu," akamwambia Kipkirui, "lakini nguo nimemvalisha mimi."

Video tulitumia ile ya pili, tuliyoimba tukiwa tisa, na muuza soksi yuko ndani yake nyuma ya kioo cha duka, anatikisa kichwa. Waandaaji walitualika. Mama Javan alijishonea sare ya kwaya usiku mmoja, halafu akashona upya za alto wote kwa sababu, alisema, kwa miaka ishirini amekuwa akitazama mishono yao kutoka benchi la tatu na ilikuwa inamuumiza.

Mwalimu alijifunza ile simu kwa wiki moja. Sasa kila asubuhi kabla hajaenda kwa mabomba anatutumia ujumbe wa sauti kwenye kundi, dakika sita, saba, akituimbia mahali tulipokosea. Joyline anasema kama angejua hivyo angepinga mwalimu kupewa simu ya aina yoyote. Kambi bado zipo, kwa kweli zimekomaa. Nyaguthii alikuja kanisani Jumapili moja kutusikiliza, na pande zote mbili zikamkalia pembeni zikimwomba aseme nani alikuwa karibu zaidi na ukweli siku ile. Alisema yeye ni mfanyabiashara, na akawapa kadi za duka.

Kwa tamasha tulishika nafasi ya tatu kati ya kwaya kumi na nne. Ubeti wa pili mwalimu alikuwa ameubadilisha: alto ya chini inaanza peke yake, mistari miwili, ndipo wengine tunaingia. Alipoinua mkono kumwita mke wake, ukumbi mzima ulikuwa kimya, na Mama Javan akaanza, kichwa juu, mikono imetulia. Mwalimu alisahau kutuita sisi wengine. Mistari miwili iliisha, akarudia yote miwili, huku mkono wa mumewe bado uko hewani. Mwishowe Paul aliingia bila kuitwa, nasi tukamfuata, na majaji wakaandika kwamba marudio yale yalikuwa ya kupendeza sana.

Tukiwa kwa basi kurudi, tulimsomea mwalimu maneno hayo. Alicheka mpaka akavua miwani, na Mama Javan akamwambia siku nyingine asijaribu tena, kwa sababu pumzi yake ina mwisho.